Majani Aliyoyataja Baba

Mshahara wangu wa kwanza niliupata kwa kushona majani. Nikiwaambia wajukuu hivyo wanatazamana, wanadhani bibi yao ameanza kuchanganyikiwa. Wacheke tu. Pale Kalemie, juu ya kilima, nyuma ya majengo ya zamani ya kituo cha kilimo, kulikuwa na chumba kirefu chenye kabati za chuma, na ndani ya kabati hizo mimea mikavu ya nchi yetu ya ziwani ilikuwa imelala, karatasi juu ya karatasi. Kila tawi lilishikwa kwa nyuzi kwenye karatasi yake nene. Pembeni, chini kulia, palibandikwa kikaratasi tulichokiita etiketi, nacho kilieleza jina la mmea, mahali ulipochumwa, siku, jina la aliyeuchuma, na namna watu wa pale wanavyoutumia. Mimi nilikuwa mwenye sindano.

Masista walikuwa wamenifundisha kutarizi vitambaa vya meza, basi nikadhani kazi ni ileile. Siku ya kwanza mkuu wa chumba alinipa tawi kavu la mtini akaniambia nilishone lisicheze. Nilivunja majani matatu kabla ya saa nne. Nikangoja kufukuzwa. Yeye akainama, akaokota vipande vyote hadi makombo, akavitia katika bahasha ndogo na kuibandika kwenye karatasi ileile.

"Hapa hatutupi kitu, Mama," alisema.

Nilimwona mtu wa ajabu. Mjini watu wanahangaika kupata chumvi na sabuni, na huyu anapiga magoti kuokota vumbi la jani.

Tulimwita Sitwayeni. Miaka ile ya Zaire kila mtu alikuwa sitwayeni, yaani raia, kwa amri, lakini wengine jina liliwapwaya, yeye lilimkaa. Alikuwa na koti moja la abakosti, la kijivu, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni hata jua likiwaka, na hakuwa mtu wa kwetu. Wazungu waliokusanya majani ya kwanza walikuwa wameondoka zamani, wakamwachia funguo na dawa ya wadudu. Yeye aliendelea kama vile wangerudi Jumatatu kukagua. Akiulizwa majani hayo ya nini, alijibu, "Akiba haiozi." Mimi nilimwambia akiba hiyo ni ya vitu vya kula, si vya kutazama. Alicheka kidogo, kisha akarudi kwenye lenzi yake.

Lakini majani hayakuja yenyewe kabatini. Aliyeyaleta, kwa muda mrefu, alikuwa baba yangu.

Baba alizaliwa Zongwe, katika ukoo uliojulikana kwa dawa. Kituo kilimwajiri kwa sababu alikuwa anakwea mti wowote na kwa sababu alikuwa anajua kila kinachoota kutoka Mpala hadi huku. Alikwenda na mbao zake za kukandamizia majani na rundo la magazeti ya zamani ya kuyakaushia, akakaa porini wiki mbili, mara moja akafika hata Ankoro kwa mitumbwi, akarudi ananuka moshi na jasho. Akileta tawi lisilo na ua wala tunda, Sitwayeni alilikataa, na Baba aliteremka kilima akilalamika njia nzima: "Mimi napanda muti mpaka juu, siafu wananiuma, yeye ananiuliza maua! Alete yeye maua!" Kesho yake alirudi kwenye mti uleule. Alikuwa mkaidi, mpenda sifa, na hodari. Nimerithi la kwanza tu.

Siku za kuandika etiketi nilizipenda kuliko zote. Baba alikaa kwenye kiti cha miguu mitatu, buti zake zina tope, na Sitwayeni alikaa mezani na kalamu ya wino. Mimi nilikuwa dirishani nashona.

"Jina lake?"

Baba alitaja kwa Kitabwa, mara nyingine akaongeza la Kiholoholo.

"Watu wanautumia kwa nini?"

Baba alijibu palepale, bila kukuna kichwa, kama mtu aliyeulizwa njia ya kwenda sokoni. Huu ni wa tumbo la watoto, majani, ponda. Huu ni wa mgongo, gamba, chemsha. Sitwayeni aliandika kila neno kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka. Mimi moyo ulinijaa. Nilijiambia: baba za wengine wanakufa na wanayoyajua, wangu yote yamefungiwa katika chuma. Kwa hiyo sikuona haja ya kumsumbua nyumbani. Tulikula bugali na ndagala, tukazungumza habari za majirani, tukalala. Mimi na Baba tuliishi nyumba moja tangu Mama alipofariki, mume wangu akiwa Manono migodini, na katika miaka yote hiyo sikumuuliza habari ya dawa hata siku moja. Ya nini, na mimi nimezishona?

Mtaani walituita watu wa nyumba ya maiti ya majani. Niligombana na wanawake wawili kisimani kwa neno hilo, mmoja nikammwagia ndoo yake. Kilichowanyamazisha si ndoo, ni mbuzi. Mwaka mmoja mbuzi wa mtaa wetu walianza kufa ovyo, tumbo limejaa upepo, na kila mtu akamtazama jirani yake kwa jicho baya. Mwenye mbuzi mmoja alimfungua yule mnyama mdomo, akakuta jani limenaswa menoni. Nikalipeleka kilimani. Sitwayeni alitoa karatasi moja baada ya nyingine, akaliweka jani kando ya kila moja, akatazama mishipa yake na vinywele vyake kwa lenzi. Alasiri akasimama mbele ya karatasi iliyokusanywa kabla mimi sijazaliwa. Etiketi ilisema mmea huo unaota kando ya reli, nao ni sumu kwa wanyama. Tulikwenda kando ya reli, tukaukuta, watu wakaung'oa. Mbuzi wakaacha kufa, na mzee mmoja waliyekuwa wamekwisha kumtaja kwa uchawi akaachwa na amani yake.

Tangu siku hiyo niliamini karatasi kuliko midomo ya watu. Naliandika hilo wazi kwa sababu ndilo lililoniponza.

Baba aliacha kazi magoti yalipokataa. Miaka michache baadaye, asubuhi moja, alianguka uani akinawa uso. Upande wake wa kulia ulikufa wote, na ulimi ukafa nao. Alibaki na mkono wa kushoto, macho, na sauti moja tu isiyo na maneno. Kuandika hakujua tangu mwanzo. Alikuwa anatia kidole gumba tu kwenye karatasi za kazi. Hospitali walimlaza siku chache, wakamtazama, wakaniambia nimrudishe nyumbani, kwani dawa hawakuwa nazo, na wao wenyewe walikuwa wanawaomba wagonjwa walete sindano. Nikamrudisha.

Miezi miwili tulikaa hivyo. Nilimlisha, nikamwosha, nikamgeuza. Halafu miguu yake ikaanza kuvimba. Ukibonyeza kidole, shimo linabaki. Uvimbe ukapanda magotini, mapajani, tumboni, na pumzi yake ikawa ya kuvuta kwa nguvu. Majirani waliokuja kumwona walisema neno lilelile: baba yako huyu ndiye aliyewaponya watu wa kuvimba, fulani alikuja amevimba namna hii, akarudi kwake kwa miguu. Nilijua. Na mimi, tofauti na wao, nilijua pia dawa iko wapi.

Nilipanda kilima karibu nikikimbia. Sitwayeni alikuwa peke yake. Wengine walikuwa wameacha kuja kazini, mshahara ukiwa hauonekani. Nilimweleza mmea ulivyo, kwa sababu mikono yangu iliukumbuka: majani yanayotoka matatu matatu, kikonyo kigumu kilichonivunjia sindano. Tuliipata karatasi kabla ya saa sita. Etiketi ilikuwa na kila kitu. Mto Lukuga, kwenye mawe, upande wa kushoto ukitoka ziwani. Kwa kuvimba miguu na tumbo: mizizi, chemsha, kikombe asubuhi na jioni, siku tisa. Aliyeuchuma: jina la Baba.

Sitwayeni alivua viatu vyake vizuri, akavaa buti za Baba zilizobaki chumbani, tukaenda pamoja. Tuliukuta mmea palepale ulipoandikwa, kwenye mawe yaleyale. Mimi nilichimba mizizi, yeye alikata tawi, akaja nalo hadi chumbani, akaliweka kando ya lile kavu, akatazama muda mrefu.

"Njo wenyewe, ndio huu," alisema. "Hakuna mashaka."

Nikalia kwa furaha. Nilimshika mkono mtu mzima yule nikamwambia kazi yake imeokoa baba yangu.

Nilichemsha mizizi kwenye sufuria ndogo, nikaipoza, nikapeleka kikombe kinywani kwa Baba. Alinusa. Akageuza uso. Nikadhani ni uchungu wa dawa. Nikajaribu tena, akausukuma mkono wangu kwa mkono wake wa kushoto, dawa ikamwagika shukani.

"Papa, njo dawa yako mwenyewe!" nilimwambia. "Wewe mwenyewe ulisema, mimi nilikuwa pale!"

Akatoa ile sauti yake. Akatikisa kichwa. Akanyoosha kidole kuelekea mlango, akanyoosha tena, mara nyingi, macho yamemtoka. Nikadhani anataka jua. Nikamwita jirani, tukambeba na mkeka wake hadi uani, tukamlaza, na yeye akaendelea kunyoosha kidole kuelekea milima, machozi yanamtoka. Daktari alikuwa ameniambia kwamba wagonjwa wa namna hii hulia bila sababu. Nikampangusa uso kwa ncha ya kikwembe nilichojifunga, nikamrudisha ndani.

Siku ya pili nilimlazimisha. Sitajitetea. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na hofu, na nina hasira za karibu. Nilimshika taya nikamwambia kwamba ukaidi wake umetutesa maisha yote, kwamba mara hii hataniua kwa kiburi. Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo tena na mtu yeyote. Kisha akafungua kinywa akanywa, na tangu hapo hakukataa. Asubuhi na jioni alikunywa chote, macho yake usoni kwangu, na mimi nilimsifu kama mtoto: vizuri, Papa, maliza, Papa.

Uvimbe haukushuka. Siku ya sita ya kunywa ulifika kifuani. Siku ya tisa alimaliza kikombe cha jioni, na kesho yake kabla ya adhuhuri alikata roho.

Shangazi, dada yake Baba, alifika kutoka Zongwe kwa mtumbwi wa mota siku ya pili ya msiba. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyelia mbele za watu. Alisalimia waliokuwepo, akaingia jikoni kunawa, akaiona sufuria ndogo ambayo sikuwa nimepata moyo wa kuiosha. Akachukua mzizi mmoja, akauvunja, akaunusa.

"Nani alikupatia hii?"

"Papa," nilisema.

"Papa yako alikuwa bubu."

Nikamweleza habari ya karatasi. Alinisikiliza hadi mwisho, mzizi mkononi.

"Yule muntu wa biro, wa ofisi ya majani, alimuuliza mara ngapi?"

Sikuelewa. Akarudia swali. Nikasema mara moja. Aliuliza, Baba akajibu, akaandika.

"Na wewe?"

Nikatikisa kichwa.

Shangazi akaketi kwenye kinu kilichopinduliwa. Hakunikemea, na ningependa angenikemea. "Kwetu," alisema, "muntu hapewi dawa ya kweli mara ya kwanza. Anayeuliza mara moja anataka kujua tu. Unamupatia kitu cha mugeni, kisichoua wala kuponya. Kama ana shida kweli, atakunywa, atarudi, atasema, Papa, haikusaidia. Njo pale unamupa ya kweli. Papa yangu alifanya hivyo, na wa mbele yake. Hata mutoto wa nyumbani. Yule anayerudi kuuliza, ule njo anarithi."

"Basi niambie ya kweli ni ipi," nilisema.

"Mimi niliolewa mapema. Sikurudi kuuliza." Alitupa mzizi kwenye majivu. "Nilifikiri atakuwa amekupa wewe."

Wanasema kuuliza si ujinga. Mimi nilikuwa na mjuzi nyumbani mwangu, tunakula sahani moja, na nikaona kumuuliza ni kupoteza muda. Kuhusu vile vikombe vya siku tisa nimefikiri kwa miaka mingi, na bado sijui kwa nini aliacha kukataa. Huenda alichoka. Huenda aliona haya kwa sababu aliujua uongo ulikotoka. Siku nyingine, nikiwa na nguvu ya kujiumiza, nafikiri alikunywa ili mimi niwe mtu aliyemnywesha, ikashindikana, nikarudi kuuliza; akatimiza masharti ya ukoo wake hadi tone la mwisho, huku akijua hana ulimi wa kunijibu. Alikuwa akinyoosha kidole kwenye milima, nasi tunamwanika juani.

Baada ya siku arobaini nilipanda kilima kumwambia Sitwayeni. Nilitaka kumwumiza, nakiri. Nilimwambia etiketi zote alizojibu Baba, miaka yote ile, ni majibu ya mgeni, na kabati zake zimejaa uongo. Alikaa chini. Akafungua kifungo cha juu cha abakosti, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Jani halikusema uongo," alisema. "Mahali ni palepale, siku ni ile. Jina pia ni lake. Wewe na mimi tuliukuta pale kwenye mawe. Kosa liko kwenye swali langu. Niliuliza mara moja."

Nikamwambia basi azichane karatasi hizo, au afute.

"Hatufuti. Ukifuta, muntu atakayekuja hatajua kwamba tulidanganyika, atadanganyika upya. Tunaongeza karatasi ndogo kando."

Akanieleza namna inavyofanywa. Etiketi ya zamani inaachwa ilivyo, na anayejua zaidi anabandika kikaratasi chake chini yake, wa tatu akija anabandika chake, hata kama wote wanapingana, ili anayesoma aone nani alijua nini na lini. Akanikatia vikaratasi kutoka kwenye majalada ya daftari kuukuu, kwa sababu karatasi safi hazikuwepo tena. Akaniomba nimsaidie kutafuta kazi zote za Baba.

Sikutaka. Nilirudi kesho yake. Ilinichukua wiki nyingi. Kila karatasi yenye jina la Baba niliitoa kabatini, nikaandika kwenye kikaratasi: "Matumizi haya ni jibu la kwanza. La pili halikuulizwa." Mimea ya tumbo la watoto, ya mgongo, ya macho, ya wanawake wasioshika mimba. Mingine ilichumwa kwenye miteremko ambayo wakati huo ilikuwa imekwisha kuwa mihogo na tanuri za makaa, na zaidi ya hapo kabatini mtu hangeiona tena popote. Kuna siku niliinua karatasi nikasikia harufu ya moshi wa moto wa porini wa Baba, nikakaa nayo mapajani hadi Sitwayeni akatoka nje ili kuniachia chumba.

Ile ya mto Lukuga niliiacha mwisho. Niliandika: "Mizizi ilichemshwa kama ilivyoelezwa juu. Mgonjwa mmoja, siku tisa, asubuhi na jioni. Haikusaidia." Nikampa Sitwayeni asome. Alisoma, akairudisha.

"Haijakamilika. Nani alimunywesha?"

Hasira ikanipanda. Nilimwambia baba yangu yumo ardhini na yeye bado anatafuta sahihi. Alingoja nimalize.

"Bila jina, Mama, hii ni maneno ya njiani. Hakuna atakayeiamini, na muntu mwingine atachemsha mizizi hii."

Nikachukua kalamu nikaandika jina langu lote, kwa herufi za kusomeka. Akaniuliza na jina la mgonjwa. Sikuweza kuliandika. Nikaweka kidole kwenye etiketi ya juu, pale palipoandikwa jina la aliyeuchuma.